Boliti yenye kutu haitaki hasira

Boliti ikishashika kutu kwenye injini ya lori la zamani, haitoki kwa hasira. Ukiivuta kwa nguvu inakatika, kipande kinabaki ndani ya silinda hedi, na kazi ya saa moja inageuka kazi ya siku mbili za kutoboa kwa drili.

Baba mmoja analijua hilo vizuri. Isuzu yake kuukuu ya kubeba mchanga ndiyo inayolipa ada za watoto, na manifoldi ilikuwa inavujisha moshi. Alimpa spana mwanawe wa kidato cha pili, ambaye tangu matokeo yatoke na kufokewa mbele ya majirani, alikuwa hasemi na mtu.

“Usiilazimishe, mwanangu. Imwagie mafuta, iache ilale. Kesho ikaze kidogo, kisha ilegeze. Ikigoma, rudi tena.”

Kesho yake kijana akafanya hivyo: kaza kidogo, legeza kidogo, mafuta tena. Mkazo ule mdogo huvunja kutu, na mafuta hupata njia ya kupenya. Karibu na adhuhuri boliti ikatoka nzima. Akaiweka kiganjani mwa baba yake.

“Baba, mbona mimi hukunisubiri hivi?”

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya tairi la akiba.

“Haya, niambie. Hesabu zilikushinda wapi?”

Kijana akaanza kueleza. Boliti nyingine tano zilikuwa bado, na hakuna aliyegusa spana.