Barua kutoka Ughaibuni: Zamu Ndefu na Afya ya Wanaotunza Wagonjwa

Birmingham, Uingereza

Kwa wasomaji wa nyumbani,

Kazi ya kutunza wagonjwa na wazee ni miongoni mwa kazi zinazowapokea Waafrika Mashariki wengi nchini Uingereza, na katika simu za nyumbani hutajwa kwa fahari kuliko kazi ya kiwandani au ya kubeba maboksi ghalani. Familia iliyoko Nakuru au Moshi hujua kiasi cha fedha kilichotumwa mwisho wa mwezi, lakini ni nadra ijue kilipatikana kwa saa ngapi, mwili wa aliyekituma ukiwa katika hali gani, na baada ya usingizi wa namna gani. Barua hii inakusudia kueleza jambo hilo kwa utaratibu. Hoja yake ni kwamba uchovu unaowaangusha wauguzi na wahudumu wa wazee hutokana zaidi na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa kuliko na unyonge wa mtu mmoja mmoja, na kwamba mhamiaji huongezewa juu yake mizigo miwili asiyokuwa nayo mwenzake mzaliwa wa hapa, yaani viza iliyofungwa kwa mwajiri na matarajio ya nyumbani.

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, ijulikanayo kwa kifupi kama NHS, ilianza Julai 1948, na tangu miaka yake ya mwanzo imetegemea mikono ya wageni, wakiwamo wauguzi kutoka visiwa vya Karibi na madaktari kutoka Bara Hindi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaajiri wauguzi wa Kenya, ilhali Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambako waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kusaka wafanyakazi, ingawa mtu anaweza kuomba kazi kwa hiari yake. Februari 2022 mlango wa viza ulifunguliwa pia kwa wahudumu wa wazee, yaani wale wafanyao kazi ambayo Waswahili wa huku huiita kea, wakaja wengi. Machi 2024 wakazuiwa kuja na wake, waume na watoto wao, na Julai 2025 uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka nje ukasitishwa. Waliobaki ndani ndio wanaoendelea kuziba nafasi zilizo wazi, na ndio wanaohusika zaidi na maelezo yanayofuata.

Uchovu unaozungumziwa hapa si ule unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger ndiye aliyeuandikia makala ya kitaalamu mwaka 1974, baada ya kuuona katika kliniki ya bure jijini New York, ambako yeye na wenzake walijitolea jioni huku mchana wakiwa na kazi zao nyingine. Baadaye Christina Maslach na Susan Jackson walitunga kipimo chake, kilichochapishwa mwaka 1981 na kinachotumika hadi leo. Katika marejeo ya 11 ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, yaliyoanza kutumika Januari 2022, WHO inaueleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, yenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimoyo hadi mtu akaanza kuikebehi au kuichukia, na kujiona hana tena ufanisi. Shirika hilo limeiweka hali hiyo katika fungu la mambo ya kazini na halikuiita ugonjwa, na uamuzi huo una maana kubwa, kwa kuwa unaelekeza macho mahali pa kazi kabla ya kuyaelekeza kwa mfanyakazi.

Mahali hapo pa kazi pana mpangilio unaofahamika. Katika wodi nyingi za Uingereza zamu ndefu huanza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 2:00 usiku, na ile ya usiku hupokea hapo na kwenda hadi asubuhi ya pili, kukiwa na mapumziko ambayo kwa kawaida hayalipwi na ambayo siku ya msukosuko hukatwa au hukosekana kabisa. Muuguzi hukabidhiwa wagonjwa wake kwa maelezo ya haraka, akaanza kusukuma toroli la dawa kitanda kwa kitanda, huku kengele za wagonjwa zikilia, simu ya maabara ikisubiri na ndugu wa mgonjwa akitaka maelezo. Jambo linaloamua kama siku hiyo itabebeka ni idadi ya wagonjwa aliopewa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi wa wodi za upasuaji aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30, na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kupatwa na uchovu huu. Kwa hiyo madhara ya mzigo huo wa wagonjwa hayaishii kwa mfanyakazi, kwani yule anayelala kitandani naye hulipia.

Mwili nao una hesabu yake. Kumgeuza, kumwinua na kumwosha mtu mzima asiyejiweza ni chanzo kikuu cha maumivu ya mgongo katika kazi hizi, na ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu ubebaji wa mizigo kwa mikono zinamtaka mwajiri apunguze hatari hiyo na zinahusu pia kumwinua binadamu. Mashine ya kumnyanyulia mgonjwa kwa kawaida huendeshwa na watu wawili, lakini pale ambapo mwenzake hayupo, mhudumu hujikuta akichagua kati ya kumwacha mzee kitandani na kumnyanyua peke yake kwa nguvu za kiuno. Ngozi ya mikono hupasuka kwa kunawa mara kwa mara na kuvaa glavu kutwa, na sindano iliyotumika inaweza kumchoma mfanyakazi aliyesinzia. Kazi ya usiku imeainishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani tangu mwaka 2007 kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu, na tathmini ya mwaka 2019 ililithibitisha fungu hilo. Kwa mtu mweusi aliyehamia kaskazini kuna nyongeza: Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo anayelala mchana ili aingie kazini usiku anaweza kumaliza juma zima bila kuliona, nazo mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D mwaka mzima.

Kuna pia jeraha lisiloonekana kwa macho, nalo ni jeraha la dhamiri. Istilahi hiyo ilianzia katika kazi ya daktari Jonathan Shay miongoni mwa askari wa Marekani waliopigana Vietnam, na mwaka 2018 Wendy Dean na Simon Talbot waliitumia kueleza hali ya madaktari wanaojua mgonjwa anahitaji nini lakini mfumo hauwaruhusu kumpa. Muuguzi anayemwacha mgonjwa mahututi peke yake kwa sababu wapo wengine wanaomhitaji, au mhudumu aliyepewa dakika 15 za kumwosha, kumvisha na kumlisha mzee ambaye angetaka hata neno moja la mazungumzo, hurudi nyumbani na deni ambalo mshahara haulifuti. Janga la UVIKO-19 lilizidisha hali hiyo. WHO ilikadiria kuwa wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani huenda walifariki kwa ugonjwa huo kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Na nchini Uingereza madaktari 10 wa kwanza kuripotiwa kufariki walitoka katika jamii za wachache, akiwamo Adil El Tayar, daktari bingwa wa upandikizaji wa viungo aliyezaliwa Sudan na kufariki Machi 2020.

Mzigo wa kwanza unaomhusu mhamiaji peke yake ni viza. Mfanyakazi aliyeingia kwa udhamini huruhusiwa kukaa nchini kwa sababu mwajiri fulani amemdhamini, na kibali cha mwajiri huyo kikifutwa, au kazi ikikoma, kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Mtu aliye katika hali hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kulalamika kwamba ratiba imejaa, kwamba muda wa kuendesha gari kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine haulipwi, au kwamba mgongo unauma. Kuugua nako kuna bei yake: katika mwaka wa fedha wa 2024/25 posho ya kisheria ya mgonjwa ilikuwa pauni 116.75 kwa wiki, nazo siku 3 za mwanzo hazikulipwa, na wahudumu wengi wa kampuni binafsi hawakuwa na malipo mengine zaidi ya hayo. Haishangazi kwamba wengi huenda kazini wakiwa na homa.

Mzigo wa pili unatoka nyumbani, na kuusema si kuwalaumu walioko huko. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kuwa Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na ndani ya jumla hiyo kuna karo, dawa za kisukari za wazazi, harambee za msiba na mabati ya nyumba. Muuguzi aliyeajiriwa kwa ukamilifu na NHS hufanya kazi saa 37.5 kwa wiki, na masharti ya viza humruhusu kuongeza hadi saa 20 kwa wiki kwa mwajiri mwingine. Programu ya simu hutangaza zamu zilizo wazi usiku na mchana, na ujumbe wa kuomba ada ukiingia asubuhi, zamu ya siku ya mapumziko huchukuliwa kabla ya chai kupoa. Saa 37.5 zikijumlishwa na 20 zinakuwa 57.5, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa uchambuzi wa pamoja wa WHO na Shirika la Kazi Duniani uliotolewa mwaka 2021 ulibaini kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kukilinganishwa na saa 35 hadi 40, huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba kwa mishipa kwa asilimia 17. Ajira zote mbili zinaruhusiwa na masharti ya viza, na mwili ndio unaoachiwa kuzisuluhisha.

Waajiri wengi hujibu kwa kutoa mafunzo ya kustahimili, vipindi vya kutuliza akili na namba ya simu ya mshauri nasaha. Msaada huo haufai kudharauliwa, lakini haupunguzi hata mgonjwa mmoja katika orodha ya muuguzi. Yanayofanya kazi ni yale yanayogusa mpangilio wenyewe. California ilipitisha mwaka 1999 sheria ya kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, na Wales ilitunga mwaka 2016 sheria ya viwango vya wauguzi wodini, ya kwanza ya aina yake barani Ulaya. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 zinaweka wastani wa saa 48 kwa wiki na angalau saa 11 za kupumzika kati ya siku na siku. Waajiri wengi huwapa wafanyakazi wapya karatasi ya kuukana ukomo huo wa saa 48, lakini kuitia saini si lazima, na aliyekwisha kuitia anaweza kuibatilisha kwa notisi. Vyama vya wafanyakazi navyo vina nguvu yake: Desemba 2022 chama cha wauguzi, Royal College of Nursing, kiligoma kitaifa kwa mara ya kwanza tangu kianzishwe mwaka 1916, kikidai mishahara pamoja na usalama wa wagonjwa.

Anayefunga mizigo kuja huku, au aliyekwisha fika, anapaswa kuuliza kabla ya kutia saini: saa ngapi zimehakikishwa kwa wiki, muda wa safari kati ya nyumba na nyumba unalipwa au haulipwi, mgonjwa hulipwa nini, na akiacha kazi atadaiwa gharama zipi. Ajiunge na chama cha wafanyakazi mapema, ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, na zile alama tatu za uchovu zilizotajwa zikionekana kwa majuma, akaeleze kwa daktari bila haya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jamii inayomsifu mvumilivu kupita kiasi usemi huo unafaa kurudiwa.

Serikali za nyumbani nazo haziwezi kutazama jambo hili kama la ng'ambo tu, kwani mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100 hadi Machi 2017 ulihusu mishahara na mazingira ya kazi, na msongo huohuo ni miongoni mwa sababu zinazowasukuma watu uwanja wa ndege. Makubaliano yoyote mapya ya kupeleka wauguzi nje yanapaswa kutaja kwa maandishi saa za kazi, malipo ya ugonjwa na haki ya kuhama mwajiri bila kupoteza viza. Familia nazo zinaombwa jambo moja lisilo na gharama: zijue ratiba ya mtu wao, zipange matumizi kwa mshahara wa saa zake za kawaida, na zisizihesabu zamu za ziada kuwa sehemu ya mapato. Muuguzi aliyelala vya kutosha atatuma kidogo kwa miaka mingi, na aliyepatwa na kiharusi akiwa na miaka 45 hatatuma chochote.