Zabibu Zisizo na Mbegu Hazikunyimi Mtoto

Kuna stori moja imetembea sana: eti ukila zabibu zisizo na mbegu, na wewe utakosa mbegu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa, "Zimepigwa homoni." Leo tuiangalie vizuri.

Homoni, ni kweli, mara nyingi zimepigwa. Lakini ni homoni gani? Inaitwa jiberelini, na ni ya mimea. Mwaka wa 1926, mwanasayansi Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa unaofanya miche ya mpunga irefuke ovyo mpaka ianguke. Akaonyesha kwamba kuna kuvu inayotoa kitu cha kuirefusha. Baadaye ikajulikana kwamba mimea yenyewe hujitengenezea jiberelini. Mahindi unayokula yanayo.

Sasa chukua zabibu ya Thompson Seedless, ile ya kijani iliyopata umaarufu California. Mbegu yake huanza kukua, kisha inakwama ikiwa changa. Hakuna dawa iliyoiua. Mzabibu wenyewe ndio umezaliwa hivyo, na wakulima huuzalisha kwa vipandikizi. Shida ni kwamba mbegu ndiyo huipa zabibu jiberelini ya kukua. Mbegu ikikwama, tunda linabaki dogo. Kwa hiyo mkulima hunyunyizia jiberelini wakati wa maua ili kichala kisibanane, halafu tena matunda yakishashika ili yatanuke. Anafidia tu kile mbegu haikufanya.

Na homoni haimalizi kazi. Huko California mizabibu huchipua karibu Machi na kutoa maua karibu Mei. Wiki za kwanza zabibu ni ngumu na imejaa asidi. Kisha ukuaji unapunguza kasi kidogo. Baadaye tunda linalainika, asidi inashuka, na sukari kutoka kwa majani inajaa ndani, glukosi na fruktosi. Hapo ni jua na muda. Tena tunda lililotanuliwa sana linaweza hata kuchelewa kuwa tamu, na zabibu ikishakatwa haiongezi utamu kama ndizi. Ndiyo maana unaweza kununua zabibu kubwa hivi, bei ya kuumiza, halafu ikakukunja uso. Hilo ndilo lalamiko halali, manze. Dawa za wadudu pia ni swali halali, so osha matunda yako.

Lakini uzazi? Jiberelini si estrojeni wala testosteroni. Na mmea kukosa mbegu si ugonjwa unaoambukizwa kwa kutafuna. Ndizi unazokula kila wiki hazina mbegu, na sijaona mtu akizikimbia.

Kinachoniuma ni nani anayelengwa. Binamu yangu ametafuta mtoto miaka mitatu. Shangazi mmoja akaituma hiyo stori kwa kundi la WhatsApp la familia, akamtaja jina, akamwambia aache "hayo matunda yenu ya supermarket." Hakuna aliyeuliza mume wake anakula nini. Hakuna aliyesema waende hospitali wote wawili wapimwe. Kosa likawekwa kwa sahani yake, na yeye akanyamaza.

Kwa hiyo mtu akikutumia hiyo stori, usiipeleke mbele. Muulize ni homoni gani, inafanya nini, na ameijuaje. Na kama kuna tunda lingine umewahi kukatazwa kwa vitisho vya aina hii, niandikie hapo chini. Tutalichambua.