Mwale Usiopenda Unyevu

Kilima cha Mrima, huku kwetu Kwale, kina maana nyingi kutegemea unamuuliza nani. Kwa nyanya yangu ni msitu wa wazee, mahali pa kuomba, na hukati hata kijiti. Kwa wanajiolojia ni miamba iliyopandishwa na moto wa kale kutoka chini kabisa, imejaa niobiamu na madini adimu, na ina thoriamu ya kutosha kufanya vipimo vya mionzi vilie kuliko kawaida. Kwa vijana wa kijiweni ni kazi ambayo imekuwa njiani tangu wazaliwe. Kwangu mimi, niliyesoma fizikia na sasa nafundisha tuisheni Ukunda, ni njia ya kuwaeleza watoto kuhusu leza za terahezi.

Usicheke kwanza. Terahezi ni mawimbi yanayotetema mara trilioni kwa sekunde. Yanakaa katikati: chini yake kuna maikrowevu za simu na rada, juu yake kuna infraredi, lile joto la jiko unalolihisi bila kuligusa. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Vifaa vya redio havikufika juu hivyo, na leza za kawaida hazikushuka chini hivyo.

Mwaka 1994, katika maabara ya Bell Labs kule Marekani, Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao waliunda leza ya semikondakta ya aina mpya kabisa. Mimi huwaeleza wanafunzi hivi: mfikirie mkwezi anashuka mnazi uliochongwa vidato, na kwenye kila kidato anaangusha nazi moja. Mkwezi ni elektroni, nazi ni chembe ya mwanga. Elektroni moja inashuka vidato vingi, kwa hiyo inatoa chembe nyingi. Vidato vyenyewe ni tabaka za kristali, kila moja unene wa nanomita chache, zimepangwa mamia kwa mamia. Ukibadilisha unene wa tabaka, unabadilisha rangi ya mwanga. Yaani rangi inaamuliwa na fundi, si na madini peke yake.

Leza ya kwanza ya aina hiyo kufika kwenye terahezi ilitangazwa mwaka 2002, na watafiti wa Pisa na Cambridge. Shida yake ilikuwa baridi: ilitaka nyuzi zaidi ya 200 chini ya sifuri, baridi ya gesi iliyogeuzwa maji. Tangu hapo mbio zote ni za kuipandisha joto. Kufikia mwisho wa 2020 kundi la MIT na Waterloo liliifikisha nyuzi 23 chini ya sifuri, baridi ambayo kifaa kidogo cha umeme kinaweza kuitoa. Friza ya duka la samaki Msambweni haiko mbali sana na hapo.

Faida yake? Terahezi hupenya karatasi, nguo na plastiki nyingi, halafu dawa nyingi zina alama yake humo, kama alama ya kidole. Unaweza kumulika kidonge kikiwa ndani ya pakiti ukajua kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Kwa watu wanaoishi na malaria, hilo si jambo dogo.

Lakini mwale huu una adui mmoja: maji. Mvuke wa hewani huumeza. Diani mwezi wa nne, shati likiwa limeganda mgongoni saa mbili asubuhi, kuna masafa ya terahezi ambayo yangefifia baada ya mita chache tu. Ndiyo maana wanaanga walipotaka kusikiliza oksijeni iliyotapakaa kati ya nyota, hawakuja ufukweni kwetu. Tarehe 31 Desemba 2023 NASA ilirusha puto liitwalo GUSTO kutoka Antaktika, likapanda takriban kilomita 36 na kuelea siku 57. Ndani yake kulikuwa na leza ya terahezi. Haikumulika nyota. Ilifanya kazi kama ya fundi wa udi anayelinganisha uzi mmoja na mwingine: ishara ya angani inakutanishwa na mwale wa leza, na tofauti yao ndiyo inayosikilizwa.

Na sikio linalosikiliza? Ni utando mwembamba wa nanomita chache, wa niobiamu na nitrojeni.

Hapo ndipo kilima kinapoingia. Niobiamu ile haikutoka Mrima, maana Mrima haijawahi kuchimbwa kibiashara. Karibu yote duniani hutoka Brazili. Lakini nilipomweleza nyanya kwamba chuma kilichomo kwenye kilima chake ndicho kinachosikiliza nyota, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wanataka kiasi gani?"

Nikamwambia, nyanya, kwa sikio moja, hata chini ya ukucha hakijai.

"Basi si wachukue hicho cha ukucha, watuachie kilima."

Ningependa kumwambia ndivyo itakavyokuwa. Ukweli ni kwamba hakuna anayekuja Mrima kwa ajili ya nyota. Niobiamu nyingi huishia kwenye chuma cha mabomba na magari, na madini adimu huishia kwenye sumaku za mota. Hizo hupimwa kwa tani. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec pale Mrima, kesi ikaenda mpaka baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na 2018 kampuni ikashindwa. Wenye ramani hawajaacha kuja.

Binamu yangu anaendesha bodaboda Kikoneni na hana subira na haya yote. "Kaka, nanomita hazijazi tangi. Kilima kikifunguliwa mimi naandika jina siku hiyo hiyo." Simlaumu. Lakini sote wawili tuliona mchanga wa titaniamu wa Kwale ukipakiwa melini Likoni kuanzia 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kazi zilikuwepo, barabara zilikuwepo, halafu zile kazi zikaisha na mchanga. Elimu ya kuugeuza kuwa kitu ilibaki huko ulikoshukia.

Hicho ndicho leza hii imenifundisha, zaidi ya fizikia yenyewe. Galiamu na aseniki zilizomo ndani yake ni punje tu. Thamani imo katika mikono inayojua kuweka tabaka moja juu ya nyingine bila kukosea. Mikono hiyo haizaliwi nayo mtu, hufundishwa, na kuifundisha hakuhitaji kuangusha hata mti mmoja.

Binamu akiniuliza kazi hiyo iko wapi leo, sina pa kumwelekeza. Kwa hiyo wakija tena na ramani zao, wakiitisha baraza chini ya mwembe, nitanyanyua mkono niulize swali moja: maabara itajengwa wapi?