Lugha Iliyojificha Jikoni

Tarehe 1 Januari 2020 manispaa ya Tysfjord, kaskazini mwa Norwei, ilifutwa. Ilianzishwa mwaka 1869. Upande wa magharibi wa ghuba yake, kilipo kijiji cha Drag, ukapewa manispaa ya Hamarøy. Upande wa mashariki, penye Kjøpsvik na kiwanda chake cha saruji, ukapewa ile ya Narvik. Feri bado inavusha watu, lakini waliokuwa wa ofisi moja leo ni wa mbili.

Sisi tuliokula chumvi nyingi tumeona mipaka mingi ikihama. Kinachonikaa moyoni ni wazee Wasami, wenyeji wa asili wa ghuba ile, ambayo wao huiita Divtasvuodna. Mwaka 1898 serikali iliagiza kwamba Kisami kisitumike shuleni ila pale isipowezekana kukiepuka, na hadi sheria ya shule ya 1959 lugha hiyo haikuwa na nafasi darasani. Mtoto aliingia bweni la shule na Kisami chake, akatoka amefundishwa kukionea haya.

Alipokua na kupata wanawe, akaamua kuwakinga. Katika nyumba nyingi baba na mama walizungumza Kisami jikoni. Mtoto akifungua mlango, maneno yakageuka Kinorwei papo hapo. Mtoto akakua akiisikia lugha ya kwao kama mvua kwenye bati la jirani: sauti anaijua, maji hayamfikii.

Leo wajukuu wanauliza, “Mbona mlitunyima?” Swali lao ni la haki, ila nawasihi wasiwahukumu. Mzazi yule hakuidharau lugha. Aliogopa fimbo iliyompiga yeye isimfikie mwanawe.

Tena kizazi hichohicho hakikufa moyo. Mwaka 1983 Kisami cha Lule, ndicho Kisami cha ghuba hiyo, kilipata tahajia rasmi. Mwaka 1994 kituo cha Wasami kiitwacho Árran kilifunguliwa Drag, na humo mna makumbusho na shule ya chekechea. Árran maana yake ni mekoni, mahali pa moto katikati ya hema. Novemba 2024 Bunge la Norwei likawaomba radhi Wasami.

Radhi ni njema, lakini haimfundishi mtoto kuomba maji kwa lugha ya bibi yake. Wanaoijua lugha hii Norwei ni mamia tu, na wengi wao wana mvi. Wajukuu, ketini nao mekoni sasa. Waulizeni moto unaitwaje, na msiondoke mpaka mmetamka sawasawa.