Maji, Madzi, Mai: Safari Yetu ya Lamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu watukufu, na khasa nyinyi vijana, twapenda kuwasimulia safari tuliyoifunga sisi na ahali yetu na watoto wetu watatu, kutoka Tanga mpaka Lamu. Hatukwenda kwa biashara, wala hatukwenda kwa matembezi matupu. Twalikwenda kulipa deni, na deni lenyewe lilikuwa la ulimi.

Mama mzazi wa ahali yetu ni mtu wa Lamu, na huko ndiko aliko mpaka leo. Ilikuwa desturi yake kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri kupiga simu na kuwajulia hali wajukuu wake, mmoja mmoja. Ijumaa moja alimwuliza binti yetu mdogo, mwenye miaka tisa, "Utakuya lini Amu, mwanangu?" Mtoto akaangua kicheko, akawageukia nduguze akisema, "Bibi hajui Kiswahili! Anasema utakuya!" Nao wakacheka pamoja naye. Bibi aliyasikia yote. Akasema, "Haya," akanyamaza. Tangu siku ile akawa akipiga simu hutaka kusema na binti yake tu. Wajukuu huwapelekea salamu. Miezi mitatu ikapita katika hali hiyo.

Ahali yetu alitukabili usiku mmoja, akatuuliza: "Mwalimu, mtoto huyu kucheka amejifunza wapi?" Swali hilo lilitunyima usingizi, kwa kuwa jawabu twalilijua. Katika chuo chetu, mtoto akisema "moya" badala ya moja, au "yana" badala ya jana, twalikuwa tukimsahihisha mbele ya wenziwe. Wenziwe wakicheka hatukuwakanya. Twalidhani twafundisha lugha, kumbe twafundisha dharau.

Basi tukaazimia kwenda Lamu likizo ilipofika. Na ili njia nayo iwe darasa, tuliwanunulia watoto daftari moja, tukawawekea sharti: kila tutakapopumzika, waombe maji ya kunywa kwa lugha ya wenyeji wa hapo, na neno watakalopewa waliandike. Atakayecheka neno la mtu, zamu yake ya kuandika itampita. Hawakungoja basi. Siku ile ile wakaandika maji, kisha maa, neno la Kiarabu walilokwisha kulisoma katika masahafu. Jirani yetu Mbondei akawapa mazi, na Msambaa wa nyumba ya pili akawapa neno lilo hilo. Kijana wetu mkubwa akastaajabu kwamba ameishi na majirani hao miaka kumi na minne, na hajapata kuwauliza hata neno moja.

Twaliondoka alfajiri. Tulivuka mpaka Horohoro, tukaingia Lungalunga upande wa Kenya. Hapo mama mmoja wa Kidigo, muuza maandazi, aliposikia watoto wanataka neno lake, aliwaketisha juu ya benchi, akawaambia: madzi. Akalisema mara tatu, mpaka ndimi zao zikalipata. Watoto wakauliza kama Wadigo ni watu wa Kenya au watu wa Tanganyika, nasi tukawajibu kwamba Wadigo wako pande zote mbili. Mpaka umechorwa juu ya ardhi, haukuchorwa juu ya lugha.

Tulivuka Likoni kwa feri, tukalala Mombasa kwa sahibu yetu. Hapo binti mdogo alisikia mengi ya kumshughulisha. Mwenyeji wetu alimwambia mwanawe, "Ndoo uwaonyeshe wageni ndia," yaani njoo uwaonyeshe njia. Mkewe akalalamika kwamba kitwa chamuuma, yaani kichwa. Tuliona midomo ya mtoto ikitetemeka kwa kicheko, kisha akaikumbuka zamu yake, akajizuia.

Usiku ule tuliwaeleza watoto khabari ambayo vijana wengi hawaijui. Kiswahili hiki tunachokiita sanifu hakikushuka kutoka mbinguni kikiwa safi, na vingine vikawa makosa. Krapf, mmishenari Mjerumani aliyekaa Mombasa, alikusanya kamusi iliyotolewa mwaka 1882, na msingi wake ulikuwa Kimvita. Kisha mwaka 1928 ulifanywa mkutano mjini Mombasa, ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa lugha ya vitabu vya shule. Na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Lau wangaliamua vingine, leo watoto wa Unguja ndio wangalisahihishwa, na mwenye kusema "ndia" angalipewa alama zake zote.

Siku ya pili tuliifuata barabara ya kaskazini. Malindi, Mgiriama mmoja aliwapa watoto madzi, kama alivyosema yule mama wa Lungalunga. Wakaliandika tena, wakauliza kwa nini maneno haya yanafanana kama ndugu. Tukawajibu kwamba ni ndugu kweli. Wataalamu wa lugha wameviweka Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za visiwa vya Ngazija katika ukoo mmoja, wakauita Sabaki, kwa jina la mto unaomwaga maji yake baharini karibu na Malindi penyewe.

Tulipofika Garsen, karibu na mto Tana, walipanda abiria wengine, wakiwamo Waorma wafugaji na mzee mmoja wa Kisomali mwenye kanzu nyeupe. Binti yetu wa pili alijipa moyo akamsalimu na kumwuliza. Mzee akajibu, biyo. Watoto wakatazamana. Neno hili halikufanana na lolote daftarini. Kijana mkubwa akatunong'oneza kwamba huenda mzee hakulisikia swali. Tukamwambia, "Amelisikia vizuri. Lugha yake ni ya ukoo mwingine, ukoo wa Kikushi, na haina haja ya kufanana na yetu ili iwe sawa." Mzee akacheka, akatoa chupa yake, akawapa wanywe. Binti mdogo alikunywa, akasema kwamba biyo na madzi ni tamu sawasawa.

Tulifika Mokowe jua linashuka, tukapanda boti, na mji wa Lamu ukatutokea mbele ya macho: nyumba nyeupe, mashua zilizofungwa pwani, punda kwenye ukuta wa bahari. Mji huu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya majengo yake ya kale. Sisi twalikuwa twakwenda kuomba radhi kwa mtu mmoja tu ndani ya vichochoro vyake.

Mkwe wetu alitupokea kwa ukarimu wote. Watoto wakambusu mkono. Baada ya chakula, binti mdogo akasogea na daftari lake, akauliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Kwenu maji mwayaitaje?" Bibi akalitazama daftari, akamtazama mjukuu wake, akajibu: "Maji."

Wallahi neno hilo lilituchoma. Mwanamke wa Amu, nyumbani mwake, mbele ya damu yake, amelificha neno la mama yake asije akachekwa tena. Mtoto naye alifahamu. Alilifunga daftari bila ya kuandika kitu.

Siku mbili bibi alisema nao kwa tahadhari, kama mtu anayepita juu ya ubao wenye utelezi. Asubuhi ya tatu tulikuwa barazani tukasikia sauti ya mtoto jikoni: "Bibi, nina kiu. Naomba mai." Neno hilo alilipata mwenyewe kwa watoto wa mtaani. Kukawa kimya. Kisha tukamsikia bibi: "Ndoo, mwanangu. Ndoo unwe mai." Akacheka, na sauti yake ikabadilika. Tangu saa ile mfereji ukafunguka: yuu ni juu, iwe ni jiwe, ina ni jina, mato ni macho. Mpaka tunaondoka, kurasa kumi na moja za daftari zilikuwa zimejaa, na bibi ndiye aliyekuwa akikumbusha, "Andika na hili."

Jioni ya mwisho tulisali magharibi katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambaye asili yake ni Ngazija, na ambako wanafunzi wa makabila mbali mbali wamesomeshwa. Tukiwa hapo ilitujia hadithi tuliyoisomesha mara nyingi bila ya kujisomesha wenyewe. Sayyidna Umar bin Khattab alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua yeye. Alikaribia kumrukia ndani ya sala. Akangoja amalize, akamkamata nguo yake, akampeleka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume akamwamuru amwachilie. Akamsikiliza Hisham, akasema ndivyo ilivyoteremshwa; akamsikiliza Umar, akasema ndivyo ilivyoteremshwa; kwani Qurani imeteremshwa kwa herufi saba. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika maana ya herufi hizo saba, lakini adabu iliyomo ni wazi: ikiwa Umar aliambiwa amwachilie mtu nguo yake, sisi ni nani hata tumkamate mtoto kwa neno "moya"?

Tena wasomaji wakumbuke kwamba hazina ya tungo za wazee wetu imeandikwa kwa lugha hiyo ya kaskazini. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mnamo mwaka 1858. Mtoto aliyefundishwa kuicheka lugha ya bibi yake, mlango wa utenzi huo ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Kina faida yake katika barua, mitihani na mambo ya nchi, na chuoni kwetu bado twakisomesha. Lakini sasa mtoto akisema "moya" twamwambia, "Hiyo ni ya kwenu, ihifadhi; na ya mtihani ni moja." Na mwenye kumcheka ndiye asahihishwaye.

Nanyi wazazi, jambo hili halitaki nauli ya Lamu. Daftari moja latosha, na neno moja kila jioni: kwa bibi, kwa jirani, kwa muuza mboga. Katika Suratul Rum Mwenyezi Mungu amezitaja tofauti za ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Hapana amchekaye Mola kwa kuumba mbingu. Basi na tuchunge tusiicheke ishara iliyo pamoja nayo.

Ijumaa hii simu ililia baada ya alasiri. Binti mdogo ndiye aliyeikimbilia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu, na atujaalie tuwasikilize wazee wetu wangali hai. Amin.