Matunda ya Kipupwe: Kutoka Marikiti hadi Sinia la Nyumbani

Kusi likishika, bahari yetu hukasirika. Vyombo vingi vya wavuvi hukaa pwani, samaki hupanda bei, na asubuhi za Juni hadi Agosti huja na ubaridi tuuitao kipupwe. Lakini Mola wetu Mkarimu, bahari inapofumba mkono, huamrisha ardhi ifumbue wake. Huu ndio msimu wa machungwa.

Mwenye kutaka kushuhudia na aingie Marikiti ya Mombasa, ukingoni mwa Mji wa Kale. Yapo machungwa ya mashamba ya Kwale, na yapo yaliyovuka mpaka wa Lungalunga kutoka Muheza, mkoani Tanga. Ganda lake ni la kijani, wala tusilidharau: katika nchi zenye joto chungwa huiva pasi na kugeuka rangi. Tulipime kwa mkono. Lililo zito ndilo lenye maji. Kando yake kuna mapapai, mananasi, pasheni na ndizi za kisukari, na kutoka maduka ya viungo huja harufu ya hiliki.

Kwa watu sita, tutwae machungwa sita, nusu papai, robo nanasi, pasheni tatu, ndizi tatu, tende saba na ndimu moja. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa. Chungwa livuliwe ganda pamoja na ngozi yake nyeupe, kwani humo ndimo mna uchungu, kisha likatwe juu ya bakuli ili maji yake yasipotee. Papai na nanasi vikatwe vipande sawa, tende zitolewe kokwa na kuchanwa, pasheni zikamuliwe juu yake. Ndizi ziwe za mwisho, zinyunyiziwe ndimu mara moja zisigeuke nyeusi. Hiliki kidogo iliyotwangwa yatosha. Liandaliwe karibu na wakati wa kula.

Kuchanganya vyakula namna hii kuna asili njema. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Jaafar kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila tende mbivu pamoja na tango. Na katika Abu Daud, bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alikuwa akila tikiti pamoja na tende, joto la hili livunjwe na baridi ya lile.

Enyi akina mama, mtaona hatukutaja sukari. Si kwa kusahau. Katika nyumba nyingi yupo nyanya au babu mwenye maradhi ya sukari, ambaye kila bakuli lipitapo huambiwa, “Hili si lako.” Neno hilo huumiza kuliko njaa. Basi yeye atengewe sahani yake kabla ya tende na ndizi kutiwa, kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari wake, naye ale pamoja na wajukuu.

Na jirani tusimsahau. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri azidishe maji ya mchuzi ili majirani wapate. Mchuzi huzidishwa kwa maji. Bakuli hili huzidishwa kwa chungwa moja tu. Msimu huu ambao samaki ni ghali, huenda chungwa hilo likawa ndilo kitoweo cha furaha katika nyumba ya pili.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu. Amin.