Jina la Chumba

Hospitali kongwe ilipokuwa ikifanywa upya katika michoro ya kompyuta, mhandisi kijana wa hewa aliuunganisha mchoro wa msanifu na wake ndani ya programu ya Revit. Humo chumba ni mali ya msanifu, na nafasi ni mali ya mhandisi, ingawa kuta ni zile zile. Ajabu ikatokea: pale msanifu alipoandika Upasuaji, nafasi ya mhandisi ilisomeka Ghala. Si kosa la kuchekwa, maana hewa itoshayo magunia haimtoshi mgonjwa apasuliwaye.

Alimshuku msanifu, msanifu naye akamshuku yeye, na siku mbili zikaliwa na lawama, kazi isiyohitaji kompyuta. Kisha akazipekua sifa za kiungo. Ruhusa ya kuta zile kuwa mipaka ya vyumba ilikuwapo. Zilizopotoka ni awamu: Ujenzi Mpya wa mchoro wake ulielekezwa kwenye Hali Iliyopo ya msanifu, ambamo chumba kile kilikuwa ghala kweli. Basi kompyuta haikusema uongo. Ilisema kweli ya zamani.

Alizilinganisha awamu, na jina la chumba likageuka. Lakini jina la nafasi yenyewe, alilolinakili mwanzoni, halikugeuka, wala kipimo cha hewa alichokiweka. Usiku ule alianzia orofa ya chini, nafasi moja baada ya moja, karatasi ya msanifu ubavuni.